Jibini ya Dada Mkubwa

Pale kona ambapo mtaa unajikunja kuelekea sokoni kuna benchi moja refu la mbao mbili, limeegemezwa ukutani kati ya kibanda cha fundi viatu na duka la kinyozi. Benchi halina mwenyewe, ila lina wenyewe. Upande wa kushoto hukaa kinyozi anayeitwa Mkasi, akisubiri vichwa. Katikati hukaa Wakili, ambaye miaka yake yote ya kazi aliimalizia posta akigonga mihuri, na mahakamani aliingia mara moja tu, tena kama shahidi. Mama Kahawa hakai kwenye benchi. Ana kigoda chake, jiko lake la mkaa na birika ambalo halijawahi kupoa watu wakiwa macho. Soli, fundi viatu, hukaa mwisho kabisa, karibu na kibanda, ili mkono ufike kwenye nyundo bila yeye kusimama. Sheria ya hapo ni moja: jambo likishindikana linapigiwa kura, na anayekataa hugeuza kikombe chake kifudifudi. Jingine la kutambua ni miguu yao. Kila mmoja ana kiraka cha Soli kwenye kiatu, cha ngozi laini ya rangi ya kahawia iliyoiva, na mtaa mzima unamsifu kwa ngozi hiyo. Hakuna aliyewahi kumuuliza anaitoa wapi.

Siku hiyo, saa tisa alasiri, Soli hakushika kiatu. Alikuwa na ubao mpya magotini, na juu ya ubao kipande cha jibini kikubwa kama kisigino cha buti, pakiti mbili za nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa chumvi na kukatwa nyembamba, chupa ya matango madogo ya siki, na karatasi ya msasa. Nyuma ya msasa kulikuwa na maandishi ya penseli.

— Leo tunakula nini tena hapa? Mkasi akauliza.

— Nyie hamli kitu. Anakula dada yangu, saa kumi na moja.

Habari ya dada yake Soli wote waliijua. Ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Miaka saba iliyopita, wiki ya tatu baada ya mke wa Soli kuzikwa, dada huyo alisafiri kutwa nzima kuja kumwona. Soli hakuinuka kumpokea. Hakumpa hata maji. Alikaa akitazama ukuta mpaka dada akabeba begi lake, akasimama mlangoni akasema, "Siku ukinihitaji utaniita," akaenda zake. Tangu hapo ni salamu za simu tu, na hizo zenyewe za kuhesabu. Wiki mbili nyuma Soli alijikaza akapiga simu, akamwita. Dada akajibu kwamba atakuja na mumewe na binti yake, na hakuongeza neno. Kwa hiyo Soli alikuwa anaogopa, na hakuona sababu ya kuficha.

Kwa nini jibini? Kwa sababu dada anasimamia meza ya jibini na nyama kavu kwenye duka kubwa la vyakula, na inasemekana kwake mgeni hajatua begi, kashawekewa sinia la vitafunio hivyo. Soli alimpigia mpwa wake kumuuliza namna vinavyotengenezwa, na kwa kuwa karatasi iliyokuwa karibu ilikuwa ya msasa, akaandika humo.

— Lete hapa nisome, Wakili akasema. Mambo ya maandishi ni yangu. "Moja. Jibini itoke kwenye ubaridi mapema. Mbili. Kata vipande vya pembe nne, ukubwa wa pipi. Tatu. Nyama ikunje mara mbili kama leso. Nne. Kipande cha tango. Tano. Choma kijiti katikati, mtu ale kwa tonge moja. Sita. Mjomba, tafadhali usipike kitu chochote." Haya. Hiyo ya sita ndiyo yenye kesi.

— Kesi gani? Soli akauliza.

Mkasi akainua ukurasa mmoja wa nyama, akaumulika kwenye jua. Mwanga ukapita.

— Bwana, hii nyama mbichi. Haijaona moto hii. Unataka kumpokea dada yako au kumlaza hospitali?

— Imeiva kwa chumvi, Wakili akasema.

— Chumvi haina moto.

— Chumvi inao. Weka kwenye kidonda uone.

— Mimi nasema ichemshwe dakika kumi tu, Mkasi akasema. Birika hilo hapo.

Mama Kahawa akalivuta birika lake karibu na goti.

— Nyama kwenye birika langu haiingii, na ikiingia mimi natoka. Aliyeandika ni binti wa mwenye kazi. Kama kasema isipikwe, haipikwi.

— Tupige kura, Mkasi akasema.

Vikombe vitatu vikageuzwa kifudifudi. Mkasi akabaki na chake, akakinywa kwa hasira ndogo. Nyama ikapona.

Ikaja habari ya kukatia. Soli akanyoosha mkono kwenye kibanda, akatoka na kisu chake cha ngozi, kile chenye ncha iliyopinda. Mama Kahawa akakitazama kama mtu anayemtazama panya.

— Hicho asubuhi kimekata soli ya yule mzee anayeponda kokoto.

— Nimekifuta.

— Umekifutia wapi?

Soli akatazama suruali yake. Mkasi akajitolea makasi ya dukani, na hapo hata kura haikuhitajika, maana nywele zilikuwa bado zimo. Basi Soli akafikiri kidogo, kisha akatoa bonge jipya la uzi wa kushonea, akakata uzi wa urefu wa mkono, akausuuza kwa maji ya moto ya Mama Kahawa, akauzungusha vidoleni mwa mikono yote miwili. Akauweka juu ya jibini, akaushusha. Kipande kikaanguka kimenyooka pande zote, bila ya punje kubaki ubaoni. Akashusha tena, na tena. Hakupima kwa kitu. Miaka thelathini ya kukata visigino ilikuwa vidoleni. Wote wakawa wanatazama tu.

— Unaona sasa, Wakili akasema baadaye, ingawa hakuwa amesema kitu cha kuonwa.

Vikatoka vipande ishirini na vinne. Nyama Soli akaikunja kwa mkono, mara mbili, akibonyeza mkunjo kwa kidole gumba kama anavyobonyeza ngozi kabla ya kuishona. Matango akayachana kwa kisu kidogo cha Mama Kahawa, ambacho aliazimwa baada ya kuapa kutokikatia ngozi. Kisha akasaka vijiti.

— Vijiti umenunua? Mama Kahawa akauliza.

Soli akafunga macho. Vitu vyote alivikumbuka, hata leso za karatasi. Vijiti, hapana.

— Duka la karibu?

— Nimetoka huko, Mkasi akasema. Wana vya masikio tu.

Soli akakaa akitazama ubao. Ndipo akakumbuka boksi lililokuwa chini ya mashine, halijafunguliwa: vijiti vya mbao vyenye ncha, vile mafundi wa zamani wanavyogongea soli za buti badala ya misumari. Vyembamba, vyeupe, urefu wa kidole. Akakitoa kimoja akakiinua.

— Huyo ni dada yako au buti? Mkasi akauliza.

— Ni mti tu huu. Mti mtupu, haujatiwa dawa.

— Vilete nivichemshe, Mama Kahawa akasema. Vijiti naruhusu.

Wakati vijiti vinachemka, Wakili alipata nafasi, na Wakili akipata nafasi hairudishi. Akaeleza kuwa jibini na kahawa havipatani tumboni, kwamba alikuwepo karani mmoja pale posta aliyekula jibini asubuhi akashushia kahawa, vikagombana humo ndani mpaka saa sita, mwenzao mmoja akasikia kwa masikio yake kupitia shati.

— Walisemaje? Mama Kahawa akauliza.

— Nani?

— Hao waliogombana.

— Haikueleweka. Lakini hilo dogo. Kubwa ni hii nyama. Nyama iliyokaushwa, kumbukeni, ilikuwa na maji yake. Wameyatoa. Sasa ukiila ukanywa maji, inayadai yale ya kwake. Inarudi ilivyokuwa. Karani huyohuyo alikula kiganja kimoja cha nyama kavu harusini, akanywa jagi zima. Usiku ule akawa na paja zima la ng'ombe ndani. Walimtoa ukumbini kwa toroli.

— Karani huyo alifanya kazi saa ngapi? Soli akauliza.

— Ndiyo maana hakupandishwa cheo.

Mkasi hakutaka kuachwa nyuma. Akasema nyama na maji si tatizo, tatizo ni hesabu. Vipande ishirini na vinne kwa wageni watatu na mwenyeji mmoja ni sita kwa kila mtu, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu watu hawali sawa. Kitabaki kimoja.

— Kikibaki si kitaliwa? Soli akasema.

— Na nani? Kipande cha mwisho hakiliwi na mtu, bwana. Mgeni anaogopa ataonekana mlafi, mwenyeji anaogopa ataonekana mchoyo. Kinabaki hapo katikati ya sinia mnatazamana nacho. Mazungumzo yanakufa. Mimi nina jamaa zangu, ndugu wa baba mmoja mama mmoja, mpaka leo hawasalimiani, na ukifuatilia ni kipande cha mwisho.

— Cha nini?

— Cha keki. Lakini kesi ni ileile.

Hilo Soli hakulicheka. Alikuwa na dada ambaye hawajaketi pamoja kwa miaka saba, na sasa anaambiwa kipande kimoja cha jibini kinaweza kuvunja hata undugu uliobaki. Akauliza dawa yake nini.

— Kupunguza, Mkasi akasema haraka. Kimoja kimoja hapa benchini. Tunakuwa tunapima chumvi palepale.

— Chumvi ya nini, na haikupikwa? Mama Kahawa akasema.

Kura ikapigwa. Hakuna kikombe kilichogeuzwa, hata cha Mama Kahawa. Soli akachoma vijiti, jibini chini, tango katikati, nyama juu, akampa kila mmoja kimoja na yeye akachukua chake. Wakala. Kwa mara ya kwanza tangu saa tisa hapakuwa na nadharia. Jibini ilikuwa laini na nzito, chumvi ya nyama ikaja nyuma yake, siki ya tango ikaziamua.

— Tamu, Wakili akasema, na akaonekana kushangaa kwamba neno moja limetosha.

Soli akafurahi. Alipanga vipande ishirini vilivyobaki juu ya sinia, mistari minne ya vitano, vijiti vyote vimesimama wima. Kazi nzuri aliijua akiiona, na hii ilikuwa nzuri. Kwa muda wa kunywa kikombe kimoja aliamini kuwa mambo yatakwenda sawa.

Hapo akaja mwalimu mpya wa shule ya jirani, mwanamke mmoja mwembamba aliyehamia mtaani mwezi huo, na ndala mkononi yenye mkanda uliokatika. Akasalimia, akajibiwa kwa pamoja. Soli akamwomba radhi, leo hashoni, ana wageni. Mwalimu akatazama sinia akalisifu. Akauliza wageni wangapi, akaambiwa watatu, watu wazima, wanatoka mbali. Akauliza watapokelewa wapi, Soli akanyoosha kidole: chumba chake kile pale nyuma ya kibanda, mlango ulikuwa wazi. Mwalimu akachungulia mara moja, kwa heshima, akarudisha macho.

— Na watakaa wapi? akauliza.

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama anavyouliza mtu aliyezoea kupanga madarasa. Wakili akamtazama Soli.

— Si una makochi wewe? Wakili akasema. Yale aliyokununulia dada yako ulipooa. Nilikuwepo yanashushwa kwenye gari. Makubwa, ya ngozi, rangi ya…

Hakumaliza. Akatazama miguu yake. Mkasi naye akatazama yake, akauzungusha mguu akaona kisigino. Mama Kahawa akapapasa kigoda chake, ambacho Soli alimvalishia ngozi mwaka juzi bila kumdai kitu. Ilikuwa laini, rangi ya kahawia iliyoiva.

— Yote? Mama Kahawa akauliza taratibu.

— Yote, Soli akasema. Mbao nimefanya rafu ya viatu.

— Kwa nini, ndugu yangu?

Soli akasogeza kipande kimoja kwenye sinia ambacho hakikuwa kimepinda.

— Tulikuwa tunakaa wawili, mimi na mama watoto, jioni. Watoto hatukujaliwa, lakini nilimwita hivyo hivyo. Alipoondoka sikuweza kuyakalia. Nilianza na kipande kidogo cha nyuma, pasipoonekana, kuziba kiatu cha mtu. Halafu kingine. Nikikata nalala vizuri. Sasa vimebaki stuli moja na kitanda. Nimeandaa wiki mbili, jamani, nimefikiria jibini, nimefikiria matango. Kukaa sikukufikiria. Nimesahau kama watu wanakaa.

Ilikuwa saa kumi na nusu. Soli alijua sasa itakavyokuwa: dada ataingia, atatafuta makochi yake kwa macho, atasimama mlangoni palepale aliposimama mara ya mwisho, na begi mkononi. Alitamani kumpigia simu amwambie asije.

Wakili akanywa kahawa yake mpaka kwenye machicha, akageuza kikombe kifudifudi.

— Hatujapiga kura, Mkasi akasema. Unakataa nini?

— Nakataa kukaa, Wakili akasema. Inukeni.

Wakainuka. Mkasi akashika upande wake, Wakili upande wake, ingawa mgongo wake siku hizi hauchukui hata kapu. Mwalimu akaweka ndala chini akashika katikati. Mama Kahawa akatangulia na ndoo na kitambaa. Benchi likaacha alama ndefu nyeupe ukutani, mahali ambapo migongo ilikuwa imeegemea tangu hakuna anayekumbuka. Mlangoni lilikwama, likarudishwa nyuma, likainamishwa, likaingia. Likasuguliwa. Juu yake Mama Kahawa akatandika khanga yake, mpya kidogo kuliko zile nyingine. Sinia likawekwa juu ya stuli, mbele. Kisha mwalimu akachukua ndala yake akaaga, na wale watatu wakatoka nje wakasimama ukutani na vikombe vyao, bila kujua miguu wanaiwekaje.

Dada akafika saa kumi na moja kasoro dakika tano. Mwanamke mnene, wa makamo, aliyevaa koti la kazini. Nyuma yake shemeji na binti. Soli alitoka kumpokea mpaka barabarani. Akachukua begi lake kabla hajatoa mkono.

— Karibu, dada. Karibu ndani.

Wakaingia. Dada akasimama katikati ya chumba, akazungusha macho mara moja, ukutani, kwenye rafu ya viatu, kwenye benchi. Shemeji na binti wakakaa. Yeye akachelewa kidogo, kisha akakaa, na benchi likalia kama linavyolia siku zote. Soli akapiga goti akalisogeza sinia, kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine ya kuwa kimo kimoja nao.

Dada akachukua kipande. Akakitazama pande zote, kikazi. Akala. Akakitazama kijiti kilichobaki.

— Hiki cha kugongea buti.

— Kipya, dada. Kimechemshwa.

— Na jibini umeikata na nini?

— Uzi.

— Sisi tunakata kwa waya, dada akasema. Ni kitu kimoja.

Akachukua cha pili. Wakala wote, binti akisifu, shemeji akiongeza. Dada alikuwa anatazama nje, kupitia mlango uliokuwa wazi, chini, kwenye miguu ya watu watatu waliosimama ukutani kama watoto waliofukuzwa darasani. Alitazama kwa muda mrefu.

— Ile ngozi naijua, akasema.

— Ndiyo, dada. Nisamehe. Na siku ile pia. Nilikuwa siwezi.

Kwenye sinia kilikuwa kimebaki kipande kimoja katikati, na kama Mkasi alivyosema, hakuna aliyekigusa. Shemeji alikitazama akatazama dari. Soli naye alikiona. Dada akanyoosha mkono, akakichomoa kijiti, jibini akaitia mdomoni mwake, nyama akaielekeza kwa mdogo wake hukohuko alikopiga goti, mpaka midomoni, kama alivyokuwa akimlisha zamani. Soli akala.

— Magoti yatakuuma, dada akasema, akasogea upande wa binti yake, akapiga ubao mara mbili kwa kiganja. Kaa.

Akakaa.